Cheti Kinachokufa

Chumba cha kompyuta cha shirika letu pale Lindi tulikuwa tunakiingia miguu mitupu. Viatu vinabaki mlangoni, vimepangwa kama nje ya msikiti, kwa sababu fundi aliyetufungia mashine za kwanza alisema vumbi ni adui, nasi tukamwamini kuliko tulivyowahi kumwamini daktari. Wakubwa nao walivua. Nimemwona meneja wa mkoa, mtu mzima na heshima zake, amesimama na soksi iliyotoboka kwenye kidole gumba, akisubiri nimtolee ripoti ya ghala. Siku hizo nilikuwa naipenda kazi. Nalisema hilo mapema, ili mtu asije akadhani uchovu huu nilizaliwa nao.

Tulikuwa wawili mle ndani. Mimi Mmatumbi, mtoto wa milima ya Kipatimu, na mwenzangu Mngoni wa Songea. Kwa hiyo tulikuwa watani hata kabla hatujaambiana majina. Mababu zake na mababu zangu walipigana weee, mwisho wakachoka, wakaona bora watukanane kuliko kuuana, na sisi tukarithi matusi. Mtani anaweza kukuvua kofia kichwani mbele za watu, uikomboe kwa soda. Anaweza kusema ukoo wenu mzima mmelelewa kwa mihogo ya wizi, na huna ruhusa ya kununa. Ila siku ukifiwa, yeye ndiye anayeshika jembe. Wewe kazi yako ni kulia. Yeye kazi yake ni kuchimba, kugombeza wapishi, kumwiga marehemu alivyokuwa akitembea, na kuwachekesha mpaka mkumbuke kula. Hilo nalo halikataliki.

Basi akaja mwekezaji. Enzi zile kila kilichokuwa cha umma kilitafutiwa mwekezaji, na shirika letu la maghala ya mazao likauzwa kama vingine. Bango likapakwa rangi mpya, kalenda zikaja na picha za watu wanaotabasamu, na sisi tukaanza kulisikia neno kupunguzwa. Walinzi walipunguzwa kwanza. Wakafuata madereva, halafu wahasibu wazee waliokuwa wakijumlisha kwa kichwa. Kila tukifika kazini asubuhi tunaulizana nani kamwaga unga. Hata chai ya ofisini ilikuwa haishuki vizuri.

Zamu yetu ilipofika tukaambiwa kwa lugha nzuri tu kwamba uzoefu tunao, ila kampuni mpya inataka vyeti vya kimataifa. Nafasi za kompyuta zimebaki mbili. Ya kwanza ni ya mitandao, makao yake Lindi, kuunganisha matawi ya Kilwa Masoko, Nachingwea na Mtwara ili mashine zizungumze. Ya pili ni ya kusimamia seva, zile mashine kubwa zinazowahudumia wengine, na hizo zinakaa makao makuu, Dar es Salaam. Kila mmoja achague njia yake. Kampuni italipia mtihani mara moja tu, na muda ukiisha mtu hana cheti, ndiyo kwaheri ya kuonana.

Tukapelekwa Dar kwa kozi fupi. Mwalimu wetu alikuwa na sauti ya kukwaruza ya mtu aliyerudia jambo moja kwa miaka. Alitueleza kwamba cheti cha mitandao kinatolewa na kampuni inayotengeneza vifaa vyenyewe, na kila baada ya miaka mitatu kinakufa, unarudi kukaa mtihani upya. Kile cha seva hakina tarehe ya kufa, lakini kimefungwa kwenye toleo la programu. Programu ikizeeka, nacho kinazeeka nayo, na mitihani yake ni mingi, unaanza na mmoja wa msingi. Mtani wangu akanyoosha mkono. "Mwalimu, huko kwetu mtu akishatoka jandoni ametoka. Hiki cha kurudi kila mwaka wa tatu ni cheti gani? Nani alitahiriwa mara mbili?" Darasa zima lilivunjika mbavu. Mwalimu hakucheka. Alisema, "Vyeti vyote ni vizuri. Mkitaka kuchagua, jiulizeni mnataka kulala wapi."

Mimi nilijua ninakotaka kulala. Mama yangu alikuwa Kipatimu, peke yake, na kifua kilichokuwa kikimbana kila mvua zikianza. Kutoka Lindi niliweza kumfikia kila mwezi na dawa zake. Kutoka Dar, miaka ile daraja la Rufiji halijajengwa, masika yakichachamaa barabara inakatika, unakaa wiki na wiki unasikia habari za kwenu kwa wasafiri. Kuhama naye hataki hata kusikia. Niliwahi kumgusia habari za Dar, akaniuliza kama huko watu wanazikwa ghorofani. Kwa hiyo nikachagua mitandao.

Taabu ni kwamba na mtani wangu alichagua mitandao. Mkewe alikuwa na mgahawa karibu na stendi ya Lindi, wali samaki na maharage ya nazi, mgahawa wa kuaminika, na watoto wao wanasoma pale pale. Dar angekwenda kufanya nini? Kitabu cha mitandao tulikuwa nacho kimoja, nakala ya kutoa kivuli, kinene kama tofali. Siku tuliyorudi kutoka kozi alikichukua mezani kwangu, akakikalia.

"Nimekiteka," akasema. "Wangoni huwa tunateka. Ukitaka, kikomboe."

Nikaleta soda, akainywa, kitabu hakutoa. Nikaleta ya pili. Akainywa nayo, akasema soda za Wamatumbi hazina gesi. Nilicheka, lakini moyoni nilikuwa na hofu, maana nafasi ya Lindi ilikuwa moja na sisi tulikuwa wawili, na kwa mtani huwezi kwenda na uso wa kazi ukamwambia bwana wee, hili si la mchezo. Ukishasema hivyo umeuvunja utani, na ukiuvunja utauokota wapi? Tukaendelea hivyo. Mchana tunatukanana, jioni tunasoma kitabu kimoja, yeye amekishika.

Mwisho wa mwezi mmoja nikamwambia nakwenda kumwona mama, akasema naye anakuja, kwa sababu Mmatumbi akiachwa peke yake na mama yake atarudi na mihogo tu. Tulipanda kule milimani juu ya magunia, kwenye lori, barabara yenyewe ya kukutoa figo. Mama alipomwona alifurahi kuliko alivyoniona mimi.

"Shikamoo, bi mkubwa," mtani akasema, amepiga goti kabisa.

"Marahaba, Mngoni wangu. Umekuja kuhesabu kuku?"

"Nimekuja kuwachukua, mama. Mwaka ule tuliwasahau."

Kesho yake tulitandika mkeka uani tukafanya zoezi la kugawa anwani za mtandao. Vifaa vya kujifunzia hatukuwa navyo, kwa hiyo tulipanga korosho: fungu hili Kilwa Masoko, fungu hili Nachingwea, hili Mtwara, na korosho mojamoja katikati ndiyo njia za kupitia. Tulibishana juu ya mafungu yale mpaka jasho. Tukaenda kisimani kumtekea mama maji. Tuliporudi mkeka mweupe, na jikoni kunanukia. Mama alikuwa amekusanya mtandao mzima, anaukaanga.

"Bi mkubwa!" mtani akapiga kelele. "Umezima tawi la Nachingwea!"

"Kuleni," mama akasema. "Tangu asubuhi mnazihamisha tu, hamzili." Alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Kikamshika vibaya. Alikaa chini pale pale kwenye kizingiti, mkono kifuani, na mtani wangu ndiye aliyemshika mgongo mpaka pumzi ikarudi. Tukala korosho zetu.

Wakati tunateremka kesho yake alifungua mkoba wake akanitupia kitabu mapajani. "Chukua tofali lako. Mimi nakwenda Dar kukaa kwenye kiyoyozi, ngozi yangu ilainike. Nyie endeleeni kukwea mapaa na waya." Nikamuuliza, mkeo je? Watoto? Akasema mkewe ana akili kuliko yeye, atajua. Nikaanza kushukuru, akanikata. "Ukinishukuru nakidai tena. Na soda zako zile zilikuwa mbovu."

Ndivyo njia zetu zilivyochaguliwa. Siku hizi vijana huniuliza waanze na cheti kipi, wakidhani nitawaambia habari za soko na mishahara. Mimi nilichagua kwa kifua cha mama yangu, na mtani wangu alichagua kwa kifua hicho hicho. Basi, hakuna hekima nyingine ninayoijua.

Tulisoma kwa miezi, na tulichoka. Jamani, mtu mzima kusoma ni adhabu. Mtihani wote ni Kiingereza, kompyuta inakuuliza, saa inakimbia juu ya kioo, na swali ukishalipita hulirudii. Tuliandikishwa siku moja, asubuhi moja, yeye karatasi yake na mimi yangu, kituo kimoja Dar es Salaam. Muda wa kampuni ulikuwa unaishia wiki ile ile. Tulipanda basi Lindi alfajiri, siku moja kabla.

Basi liliposimama Nangurukuru watu wakale, nilimwona shemeji yangu, mume wa dada, amesimama kando ya barabara upande wa magari ya kwenda Lindi. Alikuwa ananifuata. Aliponiona nateremka alishtuka, akavua kofia, na alipovua kofia nikajua. Mama alikata roho alfajiri ile, wakati mimi nagombania kiti. Mazishi yangekuwa kesho yake asubuhi, ili nami niwahi.

Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka nilikaa kwenye benchi la muuza chai, na mtani wangu yuko juu ya basi anashusha mabegi. Langu, halafu lake.

Nikamwambia, "Wewe nenda. Mtihani ni kesho. Nenda, nakuomba."

"Nani atamzika?" akasema. "Nyie wafiwa hamjui kuzika, mnajua kulia tu. Kaa hapo ulie, mimi natafuta gari."

"Utamwaga unga, wewe!"

"Unga wa nani? Wangoni tunakula kande." Na konda akapiga mlango, basi likaondoka kuelekea Rufiji, viti vyetu viwili vitupu. Nililiangalia mpaka likapotea. Nilijua kilichomo ndani ya basi lile, na yeye alijua, na sikuwa na nguvu za kubishana.

Saa nne ya asubuhi iliyofuata, saa ile ile tuliyotakiwa kukaa mbele ya kompyuta, mtani wangu alikuwa ndani ya kaburi la mama, udongo unamfika kiunoni, jembe mkononi. Watani wengine walikuwepo, lakini yeye ndiye aliyeshika usukani. Alitazama saa yake. "Sasa hivi wanafungua maswali," akawatangazia waombolezaji. "Huyu bi kizee wenu ana roho mbaya! Ameona Mngoni anakwenda kufaulu, akaona bora afe!" Wazee walicheka wakijifuta machozi. Baadaye akajifunga kanga ya mama, akashika fimbo yake, akapita katikati ya watu akichungulia sahani. "Kuleni! Tangu asubuhi mnazihamisha tu, hamzili!" Sauti yenyewe, kikohozi chenyewe. Dada yangu, aliyekuwa hajameza kitu tangu msiba uingie, alicheka, akalia, akala. Mimi nilikula pia. Wakati wa kusalia maiti alisimama nyuma, Mkristo wa watu, mikono imejaa udongo.

Tulirudi Lindi baada ya matanga. Kulikuwa na meneja mpya wa wafanyakazi, dada mmoja kutoka Dar, mpole, mwenye kalamu mbili mezani. Alinipa pole za dhati, alisimama kabisa. Akasema kampuni inaelewa, kufiwa na mzazi ni jambo linalotambuliwa, nitapangiwa tarehe nyingine na kampuni italipia.

"Na mwenzangu?" nikauliza.

"Naye alifiwa?"

"Alizika. Ni mtani wangu."

Alinitazama kwa huruma. "Kaka yangu, mimi naujua utani, bibi yangu ana watani. Lakini utaratibu wa kampuni unataja mzazi, mwenza na mtoto. Nitamwandika mtani kama nani?"

Nikamweleza. Nilimweleza nani huchimba, nani hupika, nani alimshika mama mgongo siku ya korosho. Nilisema tarehe yangu apewe yeye. Akasema mtihani umeandikishwa kwa jina la mtu, hauhamishiki, na nafasi ya makao makuu wameshapata mtu mwenye cheti tayari. Hakuinua sauti hata kidogo. Laiti angeinua, ningepata wa kumkasirikia. Nilitoka pale nimechoka kuliko siku ya mazishi.

Mtani wangu alimwaga unga mwisho wa mwezi. Alivaa viatu vyake pale mlangoni, akavitazama vyangu, akasema, "Hivi navyo nimeviteka," akaondoka navyo kweli. Nilishinda ofisini miguu mitupu, jioni nikavikomboa kwa mkewe, kwa kula sahani mbili za wali na kuzilipia.

Nilikwenda Dar nikafanya mtihani nikafaulu. Kioo kiliandika nimefaulu, na mimi nilikaa nakitazama bila furaha yoyote. Wa kumpelekea habari alikuwa mama. Nafasi ya Lindi niliyoitaka ili nilale karibu naye nilikuwa nayo sasa, na yeye amelala kule juu, hahitaji dawa. Niliipata kwa tarehe ya pili, na tarehe hiyo nilipewa kwa sababu aliyekufa ni mama yangu. Kama angeishi wiki moja zaidi tungekuwa wawili wenye vyeti. Jambo hilo nimelizungusha kichwani mpaka nimelichosha, nalo limenichosha.

Mtani wangu hakuondoka Lindi. Alifungua kibanda kando ya mgahawa wa mkewe, cha kuchapa na kutoa nakala, na kompyuta moja aliyoiunga kwa vipande vya mashine tatu. Mtihani kwa mfuko wake mwenyewe hakuuweza. Ada ile ilikuwa ya dola, na watoto walikuwa wanataka madaftari. Kila nikipita ananitukana, namtukana. Alikuwa akiniuliza, cheti hakijafa bado? Mgonjwa anaendeleaje?

Na kweli kikaanza kufa. Mwaka wa tatu ulipokuwa unaisha nikaletewa ilani: rudia mtihani, vifaa vimebadilika, maswali ni mengine. Mimi macho yalikuwa yameanza kunisumbua. Mapaa niliyokwea, waya nilizovuta kwenye joto la dari za mabati, simu za kuamshwa kwamba Nachingwea hawaoni Mtwara. Na yote hayo kwa nafasi ambayo sababu yake ilikuwa kaburini. Nikaenda kibandani, nikakaa kwenye kiti cha wateja.

"Mtani," nikasema, "nimechoka. Safari hii nakiacha kife. Njoo uzike."

Nilisubiri tusi. Alizima mashine ya nakala. Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Viti kwenye lile basi vilikuwa viwili," akasema. "Changu nilikiacha kwa ajili ya bi mkubwa, na nikiambiwa leo nikiache tena, nakiacha. Chako alikurudishia yeye. Unataka kukiacha kwa sababu umechoka? Mimi sijachoka?"

Nilimtazama usoni, nikisubiri ile kona ya mdomo icheze kama ilivyozoea. Haikucheza. Miaka yote ile hakuwahi kunisemesha neno bila utani, hata ndani ya kaburi la mama yangu. Akaja mwanamke anataka nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mwanawe, na yeye akawasha mashine akamgeukia mteja.

Wiki ile nikajiandikisha, na kitabu kipya nikakipeleka kibandani kwake. Jioni tulikisoma wote wawili, yeye amekishika. Siku ya safari nilipanda basi alfajiri, peke yangu. Basi liliposimama Nangurukuru watu wakale, sikushuka.